Dawa zilizobaki nyumbani: maswali yenu wiki hii

Shikamoo. Marehemu baba ameacha mfuko wa dawa: za presha, insulini iliyokwisha kufunguliwa na chupa ya morfini aliyopewa kwa ajili ya saratani. Jirani yetu ana presha, anaziomba. Nimpe? (Binti, Makorora)

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Usimpe. Presha ya jirani si presha ya baba yako. Dawa iliyomfaa mzee inaweza kumdhuru mwenye figo dhaifu au kugongana na nyingine anazokunywa. Aende kliniki apimwe apewe zake. Insulini ikishafunguliwa hesabu wiki nne tu, hata kama tarehe ya kwenye kichupa bado iko mbele.

Hiyo morfini ndiyo isilale hapo nyumbani. Chupa yake ni rahisi kudhaniwa ya dawa ya kikohozi, na mtoto akigugumia kidogo tu pumzi inaweza kukata. Irudishe hospitali iliyoitoa, umkabidhi mfamasia mkononi, aandike kwenye daftari ukiona. Sindano zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uende nazo safari hiyohiyo.

Dawa zilizobaki nikizichoma uani pamoja na taka? (Duga)

Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 1999 unataja tanuri la vyumba viwili, joto lisipungue nyuzi 850. Moto wa uani utakupa moshi wa plastiki tu, na pampu ya pumu ikitiwa motoni hulipuka. Mwongozo huohuo unaruhusu tanuri za saruji, mradi dawa zisizidi asilimia 5 ya kinachochomwa kwa wakati mmoja. Nasi kiwanda cha saruji tunacho hapa Tanga, Pongwe! Sisemi ukabishe hodi na mfuko wako. Nasema wakubwa wakitaka kukaa mezani, pa kuanzia papo.

Nilipeleka dawa zilizopita muda famasi niliyozinunua, wakakataa. Ni haki hiyo? (Mzee, Ngamiani)

Mzee wangu, mwenye duka naye ana hofu yake. Dawa zake mwenyewe zikiharibika, anaandika maombi TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, pamoja na orodha, wakaguzi wanahakiki, kisha zinateketezwa chini ya usimamizi, na gharama ni yake. Sasa apokee na zako, mkaguzi azikute rafuni, ajieleze vipi?

Kwa hiyo silaumu duka, nalaumu mpango. Ufaransa famasi zinalazimika kupokea dawa zilizobaki majumbani, na mfumo wao, Cyclamed, ulioanza 1993, unagharamiwa na kampuni za dawa. Marekani wana siku maalumu za kukusanya, Aprili na Oktoba, tangu 2010. Mimi napendelea wa Ufaransa, maana mfuko wa marehemu hausubiri Oktoba. Tuwe na boksi la kufuli kila famasi, limeandikwa wazi kwamba humo hamna cha kuuza, na aliyetengeneza au kuagiza dawa alipie gari na tanuri. Jiji nalo lisimamie.

Dawa ya maji ya antibayotiki ya mwanangu imebaki nusu chupa. Niiweke kwa homa ijayo? (Mama, Chumbageni)

Usiiweke. Nyingi zikishachanganywa na maji hudumu siku 7 hadi 14, lebo itakwambia. Na kama dozi haikuisha, mrudishe mtoto akaonwe.

Basi panadol zangu zilizopita muda nizifanyeje leo? (Kijana, Usagara)

Chomoa vidonge kwenye pakiti bila kuviponda, vichanganye na majani ya chai yaliyokwisha kutumika au mchanga mchafu, funga kwenye mfuko, tupa na taka za nyumbani. Usivimwage chooni; mitaani kwetu choo cha shimo na kisima ni majirani. Njia hii ni ya dawa za kawaida tu. Antibayotiki na za saratani zirudi hospitali. Jina lako lifute kwenye bahasha, na boksi lichane kabisa, lisije likaokotwa na kujazwa tena.