Maoni tumetoa, nani amejibiwa?

Swali lenu la wiki, kwamba serikali ikiweka miswada yote mtandaoni na kupokea maoni kwa simu je, wananchi watakuwa wameshirikishwa vya kutosha, nimelisoma dukani nikashindwa kuendelea na hesabu. Kutoa maoni tumetoa sana. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka hivyo, vifungu vya 10 na 118 vipo, na hilo neno ushirikishaji wa umma tumelisikia redioni mpaka limetuchosha. Mimi nauliza jingine: ukishatoa maoni yako, nani amewahi kukujibu?

Miaka michache nyuma kaunti yetu (siitaji, wenyewe tunajijua) ilileta mswada wa fedha, ule wenye jedwali la ada za soko. Tangazo lilitoka gazetini kwa Kiingereza. Sisi tulipashwa habari na mzee wa mtaa, jioni ya kuamkia kikao. Ukumbini nakala za mswada zilikuwa tatu, basi tunapokezana kama gazeti la kinyozi. Dua haijasomwa, karatasi ya mahudhurio ishapita: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Afisa akasoma vifungu kwa Kiingereza kisha akatufasiria kwa ufupi, na ufupi wenyewe ulikuwa kwamba ada zimepanda kidogo kwa ajili ya maendeleo.

Akainuka mama karanga mmoja, hawa wanaouza samaki wa kukaanga, leso kaifunga kiunoni, harufu ya mafuta ya samaki bado iko naye. Akasema, "Mwanangu, mimi natozwa kwa ndoo. Kusi likivuma vyombo haviendi mbali, napata nusu ndoo, na mtoza ushuru ananikatia risiti ile ile ya ndoo nzima. Niandikieni na nusu ndoo." Basi, akakaa. Ukumbi mzima makofi. Nilikuwa nimeketi nyuma ya karani wa kuandika maoni, nikachungulia daftari lake. Kaandika maneno mawili: "Masoko yaboreshwe."

Tukapewa soda na mkate. (Soda ilikuwa baridi, hapo siwasingizii.) Ripoti ilipotoka ikasema umma uliunga mkono mswada na kuomba masoko yaboreshwe, na sahihi zetu zimeambatishwa nyuma, na ya mama karanga imo.

Ndiyo maana Mahakama ya Rufaa ilipobatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, tarehe 31 Julai 2024, nilifurahi kuliko mawakili. Majaji walisema Bunge lina wajibu wa kueleza kwa nini limekubali au limekataa mapendekezo ya watu. Furaha haikufika mbali, tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Upeo ikaupindua uamuzi huo.

Nilikalia barua hii nikitaka kusema vikao vyote vifutwe, kila kitu kiende mtandaoni. Na mtandao siubezi. Mwaka 2024 vijana waliuchambua Mswada wa Fedha na kuufasiri kwa lugha za nyumbani, kazi ambayo serikali ingeifanya mwenyewe kama ingetaka tuelewe. Baada ya yale maandamano ya Juni 25 ya kuupinga, kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Lakini hilo nalo nisiliite jibu, maana kuna watu waliuawa.

Tena nikumbuke haki: mwaka wa pili yake, jedwali la ada lilikuja na mstari mpya wa nusu ndoo. Huenda ni yule mama, huenda ni mwakilishi wadi aliyetaka kura za bandarini. Mwenyewe hakuambiwa na mtu. Aliendelea kulipa ndoo nzima mpaka mwanawe alipouona mstari huo kwenye karatasi iliyobandikwa ofisi ya soko.

Kwa hiyo wekeni miswada mtandaoni, kwa Kiswahili, na kando ya kila oni pawe na jibu: limekubaliwa, limekataliwa, kwa sababu gani. Hilo likifanyika nitalisifu. Ila nikilazimishwa kuchagua kimoja nachagua kikao, na ubovu wake wote, kwa sababu pale naweza kumchungulia karani, na yule mama simu yake ni ya kupiga na kupokea tu. Sharti langu ni kwamba kisiitishwe asubuhi, saa ambazo vyombo vinarudi na wanaolipa huo ushuru wote wako bandarini.