Usiweke pesa ya injini kwenye KO ya Pacquiao

Mkuu, acha kwanza. Acha kabisa. Umeandika una pesa ya kununua injini ya mtumbwi, na wale mabondia Floyd Mayweather na Manny Pacquiao wakirudiana unataka kuitia yote kwenye kubeti, kwamba Pacquiao atamaliza kwa KO, yaani amlaze mwenzake kabla raundi hazijaisha. Halafu unatuuliza itakuwa raundi ya ngapi, king'amuzi gani kitaonyesha, na kama kuna mwenye kibanda cha kuonyesha ngumi Igoma au Buzuruga, hapa Mwanza, atakayefungua alfajiri. Raundi ya ngapi! Hakuna raundi. Hiyo KO unayoisubiri mimi niliisubiri 2015 pale Kirumba mpaka watu wakaanza kufagia kibanda.

Pambano la kwanza lilipigwa Las Vegas usiku wa tarehe 2 Mei 2015, huku kwetu ikiwa Jumapili saa moja asubuhi. Mbalamwezi ilikuwa imejaa, mitumbwi ya dagaa imepandishwa mchangani, na wenye kazi zao wanajua wiki ya mbalamwezi ikoje, dagaa wanataka giza: wavuvi wote wako mjini, wamenyoa, wana hela na hawana la kufanya. Mimi wakati huo nilikuwa nanunua dagaa visiwani nashusha sokoni Mwaloni. Nilikuwa na laki nane nangoja giza lirudi nikapakie. Nusu ya hiyo laki nane ilikuwa mkopo wa kikoba, na jina kwenye daftari la kikoba lilikuwa la mama watoto.

Sasa pale kibandani kulikuwa na jamaa tunamwita Kocha. Taulo shingoni kutwa, hata akiwa anakula. Alidai alipigana ngumi za ridhaa enzi hizo, na sijawahi kukutana na mtu aliyemwona akipigana. Kocha akatangaza mbele ya kibanda kizima: mashoto Pacquiao hana dawa, Floyd miguu imeisha, raundi ya sita chali. Akasimama akatuonyesha, kushoto, kulia, kushoto, anapiga hewa, kisha anajifuta jasho na lile taulo. Ni lile jasho lililonimaliza. Mtu akitokwa jasho kwa maelezo unaona kabisa huyu anajua.

Ambacho hakusema, na ambacho mtoto wa darasa la saba mwenye bando la mia tano angekisoma: Pacquiao alikuwa hajamaliza mtu kabla ya muda tangu Miguel Cotto, Novemba 2009. Miaka mitano na zaidi, kila mtu anampeleka mpaka mwisho. Halafu Desemba 2012 yeye mwenyewe alilazwa na Juan Manuel Marquez raundi ya sita, kifudifudi, hata kuhesabiwa hakukuwa na maana. Hiyo raundi ya sita ya Kocha labda ndiyo aliyokuwa anaikumbuka, akachanganya nani alikuwa chini. Na upande wa pili ulikuwa na mtu wa mapambano 47 bila kupoteza hata moja. Mimi haya yote nilikuwa na uwezo wa kuyatafuta. Nikaangalia odi tu, yaani ukipatia unalipwa mara ngapi. Odi ya KO ilikuwa tamu, kwa sababu wenye duka la kubeti hawakuwa na taulo shingoni, walikuwa na kikokotoo.

Nikatia yote. Tiketi nikaikunja nikaiweka ndani ya kava la simu.

Raundi ya nne nilikuwa tajiri. Pacquiao akaachia ile kushoto, Floyd akarudi mpaka kwenye kamba, akajifunika, ngumi zikamiminika. Kibanda kikalipuka, viti vya plastiki vikapinduka, mtu akanimwagia chai ya moto na sikuisikia. Nikatoa tiketi nikaibusu. Angalia sasa: Floyd pale pale kwenye kamba anatikisa kichwa, anamwambia mwenzake hapana, hujanifanya kitu. Nilimwona kwa macho yangu akitikisa kichwa na nikasema anajikaza huyo. Kuanzia pale ni kukumbatiana, kuteleza pembeni, mkono wa kulia mmoja unaingia, anakumbatia tena. Majaji wakatoa 118-110, 116-112 na 116-112, wote kwa Mayweather. Ngumi zilizompata mwenzake: Floyd 148, Pacquiao 81. Themanini na moja kwa raundi kumi na mbili, ndugu yangu! Hiyo ndiyo silaha niliyoikabidhi mkopo wa kikoba.

Baada ya pambano ndipo tunaambiwa Pacquiao alikuwa na bega bovu la kulia, aliomba achomwe sindano usiku ule ule na kamisheni ya ngumi ya Nevada, jimbo la hiyo Las Vegas, ikakataa. Asante kwa taarifa. Kocha akaisikia, akapandisha taulo lake: "Unaona? Nilisema sahihi, ni bega." Baadaye nikajua yeye mwenyewe hakuweka hata mia. Hata mia! Giza liliporudi wenzangu wakapanda boti kwenda visiwani, mimi nikabaki Mwaloni nabeba magunia ya dagaa wa watu. Ya nyumbani sisimulii, kuna watu humu wanamjua shemeji yenu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sibishani nayo: wazee wakirudiana, hesabu raundi zote zitaisha. Usiniletee video za Pacquiao anammaliza Ricky Hatton raundi ya pili, hiyo ni 2009. Leonard na Hearns mara ya kwanza, 1981, iliisha raundi ya 14 kwa Hearns kusimamishwa. Wakarudiana Juni 1989, Hearns akamwangusha Leonard mara mbili, na bado zikafika kumi na mbili, tena sare. Desemba mwaka huo huo Leonard akakutana tena na Roberto Duran, yule aliyegoma kuendelea raundi ya nane mwaka 1980, na hiyo nayo ikafika mwisho, watu wanazomea. Bernard Hopkins na Roy Jones walipigana 1993, wakarudiana 2010, mmoja ana miaka 45 na mwingine 41. Raundi kumi na mbili za kushikana mashati. Tena Jones ndiye aliyeshinda ile ya kwanza, na ya pili akapigwa vizuri tu, maana maisha yake yote ulingoni aliishi kwa kasi, na kasi ikishaondoka humkuti mtu pale. Hopkins alikuwa anaishi kwa ujanja.

Ngumi ya mzee haijaisha, hilo nakubali. Kilichoisha ni miguu ya kuifikisha. Akifika kwa kuchelewa, mwenzake kashamkumbatia, na mwenzake naye anafurahi kupumzika.

Sasa mwangalie Pacquiao wako. Tangu Cotto, kwenye rekodi kamaliza mtu mmoja tu, Lucas Matthysse, Julai 2018. Broner akafika mwisho. Keith Thurman aliangushwa raundi ya kwanza kabisa na bado akafika mwisho. Ugás akamshinda kwa pointi 2021. Julai 2025 akarudi na Mario Barrios, kijana wa miaka 30, sare, na za mwishoni Barrios ndiye aliyekuwa anazichukua. Ni maajabu kwa mtu aliyezaliwa 1978, mimi mwenyewe nilimpigia makofi. Lakini onyesha hapo KO iko wapi.

Najua utasema Floyd kazaliwa 1977, pambano lake la mwisho la rekodi ni lile la McGregor Agosti 2017, kutu imemshika. Sawa, kutu ipo. Ila yeye hakuwahi kushinda kwa kukimbizana, alishinda kwa kutopigwa, na ujanja wa Hopkins ndio huo huo. Mimi namwona anachukua kwa pointi, pambano bovu, kukumbatiana kwingi, na nusu ya kibanda wamelala.

Na hujasema ni la rekodi, lile linalohesabiwa kwenye ushindi na vipigo vya bondia, au la maonyesho tu. Kama ni maonyesho, hata pointi usiguse, kwa sababu wanaweza wasiweke majaji kabisa. Hata likiwa la rekodi, soma raundi ngapi na za dakika ngapi. Tyson na Jake Paul Novemba 2024 walipigana raundi nane za dakika mbili mbili, na Tyson, mzee wa miaka 58, alifika mwisho bila kuangushwa. Kwa dakika mbili hata mimi nafika.

Ukiona mkono unawasha sana, tia elfu mbili kwamba raundi zote zitaisha, ununue na maandazi. Injini kalipie kesho asubuhi, duka likifunguliwa tu, kabla hujakutana na mtu mwenye taulo. Na kama tayari umeshatia, weka picha ya tiketi hapa tuicheke sisi kwanza, shemeji ataiona baadaye.