Kabla ya kuchoma sindano, uliza mgongoni kumewekwa nini

Ilikuwa saa nane usiku. Mama aliyejifungua kwa upasuaji jioni ile alikuwa ameamshwa na maumivu. "Sista, nisaidie, siwezi tena." Nikafungua faili: pentazosini, sindano ya maumivu, achomwe akizidiwa. Nikachoma. Nilitegemea nusu saa baadaye nimkute amelala. Nikamkuta ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anasema maumivu yamezidi ya mwanzo.

Daktari wa usingizi alipofika aliniuliza swali moja tu: umesoma karatasi ya thieta? Ilikuwa nyuma kabisa ya faili. Mama yule alikuwa amepewa mofini, dawa kali ya maumivu, kupitia mpira mwembamba wa mgongoni. Sikuwa nimeisoma.

Alinieleza kwa mfano wa daladala. Mofini imeshakaa kwenye viti vinavyozuia maumivu. Pentazosini inapanda, inaisimamisha na kukaa yenyewe, ila kazi inayofanya kwenye kiti hicho ni ndogo. Nalbufini, sindano nyingine ya maumivu, ina tabia hiyohiyo, tena kwa nguvu zaidi.

Wapo wenzangu wanaosema, kama inaipunguza mofini basi angalau ni salama. Hapana. Dawa hizi nazo zinaleta usingizi wake, na zikikutana na mofini iliyomo mwilini, pumzi zinaweza kushuka. Mofini ya mgongoni haipendi mafuta, kwa hiyo hukaa muda mrefu kwenye maji ya uti wa mgongo na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Mgonjwa anaongea vizuri saa mbili usiku, alfajiri pumzi zinapungua. Ndiyo maana anaangaliwa kwa saa 24.

Wauguzi wenzangu, hesabuni pumzi dakika nzima, mkono ukiwa kifuani na macho kwenye saa. Msikadirie kutoka mlangoni. Zikishuka chini ya 10, au mgonjwa akiwa mzito kuamka hata kabla hazijashuka, mpeni oksijeni, daktari aitwe, naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya mofini, iwe mkononi. Na akilia maumivu, mpigieni daktari wa usingizi kabla ya kuvuta dawa yoyote ya jamii ya pentazosini.

Nanyi mnaouguza, ulizeni jina la kila sindano. Kama mgonjwa wenu anakunywa mofini ya maji kila siku kwa ajili ya saratani, semeni mapema, hata kama hamjaulizwa. Huyo akichomwa pentazosini anaweza kuingia kwenye arosto palepale: miayo, jasho, tumbo kukata, kuharisha, na maumivu yake yote kurudi kwa pamoja.

Mama yule alitulia karibu na adhana ya alfajiri, akaomba mtoto wake anyonye. Mimi nilibaki pembeni ya kitanda nikihesabu pumzi mpaka zamu ya asubuhi ilipoingia. Tangu usiku ule, akishushwa mgonjwa kutoka thieta nakata kipande cha plasta, naandika kwa kalamu nene "MOFINI MGONGONI" na saa aliyopewa, nakibandika juu ya jalada la faili, mbele.