Kwa waratibu wapya wa miradi: ulizeni kilichokamilika

Juzi, katika kikao cha tathmini, nilimsikia mratibu mpya, kijana mwenye bidii ninayempenda sana, akisoma kwamba kazi yake "imefikia asilimia 90", ilhali wiki tatu nyuma alikuwa amesoma namba hiyo hiyo. Wadogo zangu, nimechoka kuwaona mkitumbukia katika shimo nililotumbukia mimi.

1. Msipokee asilimia, pokeeni kitu kilichokwisha. Mradi wangu wa pili ulikuwa wa mfumo wa kukusanyia takwimu, nami kwa wiki nyingi nilijaza 90 katika taarifa, kwa kuwa ndivyo mtengenezaji programu alivyoniambia. Hakunidanganya, kwani sehemu kubwa ya programu alikuwa ameiandika kweli; ila hakuna kati yetu aliyehesabu majaribio, uhamishaji wa kumbukumbu za zamani wala mafunzo ya wadodosaji. Siku nilipoufungua mfumo kwa mkono wangu, zikiwa zimebaki siku kumi za kukabidhi, nilijaza dodoso la kwanza, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na ukurasa ukarudi mtupu.

Hapo nikafanya kosa lililo kubwa zaidi: timu ya watu 6 niliiongezea watu 4. Watu 6 wana jozi 15 za watu wanaopaswa kuelewana, watu 10 wana jozi 45, na kila mgeni alifundishwa na wale wale waliotakiwa kumaliza kazi. Frederick Brooks, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alikwisha kuandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, nami nililifahamu hilo kwa kulisoma tu. Tulikabidhi miezi mitatu baada ya tarehe ya mkataba, na wadodosaji tuliokwisha kuwaajiri tuliwarudisha nyumbani bila kazi. Sura zao bado ninazikumbuka. Tangu wakati huo, hakuna kazi katika mpango kazi wangu inayozidi wiki mbili, na kila moja ama imekwisha ama haijaisha.

2. Katika chati ya Gantt, yaani mchoro wa mistari unaoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini, onyesheni kazi ipi inasubiri ipi, kisha lindeni mnyororo wa kazi zinazosubiriana ulio mrefu kuliko yote, maana siku inayopotea humo inapotea katika mradi mzima.

3. Kila kihatarishi, yaani jambo linaloweza kuukwamisha mradi, kiwe na mtu mmoja wa kukifuatilia, kwa jina lake. Katika mradi ule ule, rejesta yetu ya vihatarishi ilitaja uchelewaji, na mbele yake paliandikwa "timu nzima", kwa hiyo hakuna aliyeufuatilia.

Baada ya kikao nilimwomba yule kijana afungue kazi yake tuitazame pamoja. Tukajaribu fomu zote 5, moja baada ya nyingine, na 3 zikafanya kazi. Akafuta ile 90, akaandika "fomu 3 kati ya 5", na jioni ile ile akampigia simu mfadhili.