Barua kwa mwanangu: Mguu uliponitangulia

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Huku Moshi hatujambo, na goti la mama yako limetulia. Swali lako nimelala nalo siku tatu. Unasema wenye gari lako la mbio za rali wanataka msimu ujao usukani apewe yule kijana wa miaka 21, wewe umfundishe, na unaniuliza: "Baba, ulijuaje kwamba muda wako umefika? Au walikutoa?"

Hakuna aliyenitoa. Ilikuwa huku TPC, kwenye barabara za mashamba ya miwa, pale inaponyooka kabla ya mfereji. Msoma ramani wangu, aliyekaa kando yangu garini, akasoma: "Nyooka mia mbili, kanyaga, tuta." Noti hiyo, yaani maelezo ya barabara iliyo mbele, tuliiandika wenyewe. Mguu wa kulia ukanyanyuka bila mimi kuuamuru. Gari likapungua mwendo kidogo tu, aliyesimama pembeni asingejua, ila mwenzangu alirudia noti akidhani sikusikia. Nilisikia vizuri. Mzunguko wa pili mguu ukafanya vilevile. Nilikuwa na miaka 44. Macho mazima, mikono mizima. Kilichokwisha ni ile imani ya kumwachia mtu mwingine awe macho yako ndani ya vumbi.

Watu watakuambia ng'ombe hazeeki maini, wakutajie Sébastien Loeb, dereva wa rali wa Ufaransa. Ni kweli, Januari 2022 alishinda rali ya Monte Carlo akiwa na miaka 47. Lakini msimu ule alichagua mbio chache tu za kukimbia. Na mwaka huohuo kijana Kalle Rovanperä alishinda Safari Rally kule Naivasha, kisha akabeba ubingwa wa dunia akiwa na miaka 22.

Mimi ninayemfikiria zaidi ni Niki Lauda, dereva wa Formula One. Mwaka 1984, akiwa na miaka 35, alikuwa timu ya McLaren pamoja na Alain Prost, kijana aliyemzidi kasi. Prost alishinda mbio saba, Lauda tano, na bado ubingwa akauchukua Lauda kwa nusu pointi. Nusu hiyo ilitokana na Monaco, mbio zilipokatishwa na mvua na pointi zikagawiwa nusu. Mzee alijua wazi nani ana kasi, akakimbia kwa akili: gari lifike, pointi zihesabiwe. Mwaka uliofuata Prost akawa bingwa, Lauda akastaafu.

Akili hiyo unayo, mwanangu, kijana bado hana. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba tangu Mei unashika breki mapema kwenye madaraja. Mpe usukani. Ila usikubali kuwa mwalimu wa kukaa kivulini na chupa ya maji. Kaa kushoto kwake, umsomee noti, ujue anakuamini kiasi gani kila kona.

Itauma. Mimi nilipoacha, mwaka mzima sikukanyaga kwenye mbio, nikijifanya nina kazi nyingi shambani. Hilo ndilo ninalojutia hadi leo, maana vijana wa wakati ule walikuwa wanaanguka kwenye kona ninazozijua, na mimi nipo nyumbani nafyeka migomba.

Jumamosi njoo naye. Madaftari yangu ya noti yapo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ya TPC nimeshayatoa, nayafuta vumbi.

Baba yako