Usimwingize kabatini! Mwanasesere wa matambara akae peke yake kwanza

Usimwingize kabatini Jumamosi. Soma hapa kwanza, halafu ukitaka kunikasirikia unikasirikie, lakini mlango wa kabati ufungwe yeye akiwa nje.

Umesema umempata mwanasesere wa matambara aliyeshonwa kwa mkono, kwamba utamfua kwa sabuni ya unga, utamwanika juani, kisha Jumamosi utampa nafasi rafu ya kati ya kabati lako la wanasesere, baina ya yule wa felti na wale wa vinili, yaani plastiki laini. Unauliza akae vipi, avae nini, na kama anastahili kupangwa pamoja na wanasesere wa viwandani. Nilipofika "rafu ya kati" nikaacha kusoma nikaanza kuandika, kwa sababu ndivyo nilivyofanya na wangu, hatua kwa hatua, na najua yalikoishia.

Kanuni ni moja na ningependa uiandike kwenye mlango wa kabati lenyewe: mwanasesere wa kitambaa anayetoka nje hakai na wenzake mpaka atengwe na apite kwenye friza. Hata awe msafi kiasi gani. Hata awe amenunuliwa kwa mtu unayemwamini. Hata awe ameshonwa na bibi yako mzaa mama.

Wangu alikuwa na mwili wa merikani, nywele za nyuzi za sufu, mdomo wa uzi mwekundu, na upande mmoja wa uso umelegea kidogo hadi anaonekana kama anakusikiliza. Nilimpenda palepale. Nikamuuliza muuzaji ndani kuna nini. "Pamba tu," akasema. "Ameshasafishwa, hana shida yoyote, wewe mweke kabatini." Maneno hayo bado nayasikia. Haikuwa pamba. Aliyemshona alifanya kama walivyofanya washonaji wengi wa nyumbani, alishindilia alichokuwa nacho: vipande vya sweta kuukuu, mabaki ya blanketi, masalia ya nyuzi. Sufu tupu. Na katika ile sufu, kwenye mshono wa mgongoni, kulikuwa na nondo wa nguo.

Watu wengi hawamjui huyu mdudu sawasawa. Yule kipepeo mdogo wa rangi ya dhahabu iliyopauka unayemwona akikimbia kwenye mikunjo hali kitu, hana hata mdomo wa kulia. Kazi yake ni kutaga, na jike mmoja hutaga mayai kati ya 40 na 50. Wanaokula ni viwavi wake, nao hula keratini, yaani kile kinachojenga sufu, nywele, manyoya ya ndege na ngozi. Pamba safi na kitani haviwashibishi, ila pamba yenye jasho au mabaki ya chakula wanaitafuna pia, na mwanasesere aliyechezewa na mtoto amejaa vyote viwili. Hawapendi mwanga. Wanapenda mahali penye giza, pasipo na upepo, pasipoguswa. Sasa niambie kabati la vioo lililojaa wanasesere, linalofunguliwa kwa nadra, linatofautianaje na karamu waliyoandaliwa.

Nilimweka karibu na Lenci wangu. Wasiomjua, hao ni wanasesere wa felti waliotengenezwa Turin, Italia, kuanzia 1919, chini ya Elena König Scavini. Uso wake ni felti iliyobanwa kwenye umbo na kupakwa rangi kwa mkono, nguo zake ni felti, maua ya kofia yake ni felti. Na felti ni nini? Ni sufu iliyoshindiliwa. Pembeni kulikuwa na mwingine wa kauri mwenye nywele za mohea, yaani manyoya ya mbuzi, na mwingine mwenye koti la sufu.

Dalili ya kwanza ilikuwa chembechembe kama mchanga kwenye rafu. Nikadhani ni vumbi, nikafuta. Zilikuwa na rangi ya waridi. Kinyesi cha viwavi wa nondo huchukua rangi ya kitambaa walichokula, na waridi ile ilikuwa shavu la Lenci. Nilipomgeuza nikakuta vijishimo nyuma ya sikio, nyuzi nyembamba kama utando zimetandwa chini ya kola, na kofia imebaki wavu. Nywele za mohea zilitoka mkononi mwangu kama majani makavu. Koti lilikuwa na matundu kwapani, mahali ambapo macho hayafiki. Shavu la felti likishaliwa hakuna kiraka kitakacholirudisha, kwa sababu umbo na rangi vimekwenda pamoja. Fundi wa kuhifadhi vitambaa aliniambia anaweza kuweka kitambaa nyuma ya matundu yasiendelee kupanuka, basi. Nilikaa sakafuni na yule mwanasesere mapajani na sikutaka kuongea na mtu.

Na asije mtu hapa kuniambia ningeona mapema. Yai la nondo halifiki milimita moja na halipigi hodi.

Nilipompigia yule muuzaji, alijibu kwamba nondo wako katika kila nyumba. Sawa, wako. Lakini nilipofungua mshono wa mgongoni nilikuta vifuko vitupu vya viwavi vimeshikamana na sufu, vya zamani kabisa, vilivyokaushwa na wakati. Yule mtu hakumsafisha ndani, alimpangusa usoni. Kuna neno "amesafishwa" na kuna kusafisha, na anayeuza vitu vya kitambaa kwa wakusanyaji ana wajibu wa kujua tofauti. Kama hujui kilichomo ndani, sema hujui! Mnunuzi atachukua tahadhari yake. Ukisema "pamba tu" kwa sauti ya uhakika, umemvua mwenzako ngao yake.

Wa pili wa kulaumiwa ni mkusanyaji mmoja wa siku nyingi, mtu anayeheshimika, aliyenishauri nitundike vidonge vya naftalini, vile vya kufukuza nondo, kabatini na kuendelea kama kawaida. Mvuke wa naftalini huweza kulainisha baadhi ya plastiki, haufai kuvutwa na binadamu chumbani, na ili uue viwavi unahitaji kujaa kwenye chombo kilichofungwa kabisa, jambo ambalo kabati la nyumbani halifanyi. Kwa hiyo nondo waliendelea na maisha yao na mimi nikapata maumivu ya kichwa. Ukiona mtu anakupa ushauri huo, mshukuru kwa heshima zote na usiufuate.

Sasa cha kufanya. Leo hii, kabla ya kumpitisha karibu na kabati, mlaze kwenye karatasi nyeupe mezani, mbali na wenzake, na umchunguze kwa lenzi ya kukuzia. Fungua mikunjo ya gauni, angalia kwapani, shingoni, chini ya nywele, na kila mshono. Unatafuta utando, chembechembe, vifuko vidogo, na pia maganda yenye manyoya mafupi, maana hayo ni ya mabuu ya mbawakawa wa mazulia, ambaye madhara yake ni yaleyale. Mtikise taratibu uone kinachodondoka kwenye karatasi. Mpige picha mbele, nyuma na kwenye kila mshono.

Halafu mfunge. Mzungushie karatasi laini isiyo na asidi, mtie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kamua hewa yote, funga kwa nguvu, na uweke mfuko wa pili juu ya huo. Friza ya nyumbani iliyo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inahitaji wiki 2 kamili. Makumbusho yenye mashine za kufika nyuzi 30 chini ya sifuri hutosheka na siku 3 hivi, lakini ya kwako si ya makumbusho, kwa hiyo usipunguze. Hakikisha ni friza yenyewe, si kile kisehemu cha barafu ndani ya jokofu ambacho hupanda na kushuka kila mlango ukifunguliwa.

Sehemu ambayo watu huiharibu ni ya kutoa. Ukimtoa, usifungue mfuko. Mwache humo humo saa 24 mpaka apate joto la chumba. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa utageuka matone juu ya kitambaa baridi na utamlowesha mwanasesere ambaye ulikuwa unamwokoa. Unyevu ubaki nje ya mfuko, ufute, ndipo ufungue.

Kuna wasiopaswa kugandishwa, na hili ni muhimu kama kanuni yenyewe. Akiwa na uso wa nta, macho ya kioo, au kichwa cha unga wa mbao uliochanganywa na gundi, asiingie friza. Vilevile akiwa wa kitambaa kilichopakwa rangi ya mafuta usoni, kama wale wa Martha Chase wa Rhode Island, Marekani, au wale wa Izannah Walker aliyepata hataza yake mwaka 1873 kwa vichwa vya matabaka ya kitambaa na gundi. Rangi ngumu na kitambaa laini havisinyai sawa kwenye baridi, na rangi hupasuka. Huyo mtenge tu ndani ya mfuko unaoonyesha, mahali pa joto la kawaida, kwa miezi kadhaa, ukimkagua mara kwa mara. Ndiyo, miezi. Kwenye ubaridi mayai yanaweza kukaa hadi wiki 3 ndipo yaanguliwe, na kiwavi akikosa chakula kizuri hujivuta kukua kwa muda mrefu sana. Wa kwako, kwa maelezo uliyotoa, uso wake ni wa kutariziwa, kwa hiyo friza inamfaa. Ila angalia vifungo vya macho. Kama ni vya kioo, rudi kwenye mfuko na subira.

Kuhusu kumfua: usimfue. Hujui rangi ya uzi wa mdomo itakimbilia wapi ikikutana na maji. Hujui ndani kuna sufu, sufi, maranda au majani makavu, na chochote kati ya hivyo kikilowa katikati hukauka nje kwanza huku ndani kikioza na kuota ukungu. Jua nalo litamfifisha, na rangi iliyofifia hairudi. Vumbi liondoe kwa mashine ya kufyonza kwa nguvu ndogo kabisa, ukiwa umemfunika kwa kipande cha neti ili isimvute nywele. Doa la chai kwenye gauni liache. Kuna mtoto alikunywa chai naye.

Umeuliza kama anastahili kukaa na wa viwandani. Swali hili liliniuma kidogo. British Museum, jumba la makumbusho la London, ina mwanasesere wa matambara kutoka Misri ya enzi za Warumi, wa kati ya karne ya 1 na ya 5, mwili wa kitani umeshindiliwa matambara na mafunjo. Mtu alikata nguo kuukuu, akamshonea mtoto wake rafiki, na leo bado yupo. Ukame wa Misri ndio uliowahifadhi vitambaa vya namna hiyo, maana unyevu na wadudu ndio adui zao wakubwa. Hata Raggedy Ann, mwanasesere maarufu wa Marekani ambaye mchoraji Johnny Gruelle alimwombea hataza 1915 na akawa bidhaa ya mamilioni, ameiga umbo la wanasesere wa kushonwa nyumbani, nywele za uzi na kila kitu. Anastahili kabisa. Anastahili kiasi kwamba unatakiwa kumlinda yeye pia, si kuwalinda wengine dhidi yake tu. Wangu, baada ya yote, nilimtoa ile sufu iliyoliwa nikaihifadhi kwenye mfuko wenye maandishi, nikamgandisha, na bado yuko nami. Sikumlaumu hata siku moja.

Na kwenye rafu asigusane na wale wa vinili. Rangi nyekundu au nyeusi ya kitambaa huhamia kwenye vinili na kuacha doa lisilotoka, na vinili inayozeeka hutoa mafuta yanayonata ambayo kitambaa huyanywa. Weka nafasi, au karatasi isiyo na asidi katikati. Taa ya kabati isizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa vitambaa, na unyevu usipande kupita asilimia 65, maana hapo ukungu huanza kujisikia nyumbani.

Kabla hujafunga mfuko wa kwanza, weka hapa picha za mshono wa mgongoni na za kwapa zote mbili, kwa mwanga wa dirishani, karibu iwezekanavyo. Niko macho, nitaziangalia usiku huuhuu.