Shangazi, mke wangu anaiua ndoto yangu

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu. Nina maono ya miaka ishirini niliyoyaandika kwenye daftari: niwe daktari bingwa wa watoto, nianzishe taasisi ya kusaidia watoto wagonjwa wasio na uwezo, kisha nijenge hospitali. Nataka kuahirisha masomo mwaka mmoja nisajili taasisi sasa, maana wenye shida hawawezi kusubiri. Mke wangu hataki hata kusikia. Amekataa kutoa akiba aliyoiweka kwa ajili ya ada, anasema nimalize kwanza sapu zangu mbili, yaani mitihani ya kurudia masomo niliyofeli. Usiku mtoto akilia mawazo yananikatika, na yeye ananiambia nimbebe. Naona nimeoa mtu asiye na maono. Je, niachane naye mapema?"

Marahaba, mwanangu. Kutaka kuwatibu watoto wa watu ni nia njema, wala siidharau. Kusoma udaktari huku una mke na mtoto mdogo ni mzigo mzito, nalo nalijua. Sasa tuongee.

Hospitali ambayo haipo umeieleza vizuri sana. Mimi nimesimama pale ulipopita mbio. Akiba ni ya ada, na aliyeiweka ni yeye. Basi anayekusomesha ni mkeo, ingawa barua nzima hukuthubutu kulitamka hilo. Sapu zako umezipachika kwenye maneno yake, kana kwamba yeye ndiye aliyefeli. Na mtoto wako umemtaja mara moja tu, kwa kosa la kulia. Unataka kuwasaidia watoto wasio na uwezo. Huyo aliye chumbani kwako ana uwezo gani?

Nasimama na mkeo, na nalisema wazi ili usinisome vibaya. Mwanamke anayejinyima ili mumewe asome ana maono, tena ameyalipia. Shukrani ya punda ni mateke, nawe umeshaanza kurusha.

Tena nakuambia jambo ambalo huenda yeye analijua ila anakuonea huruma: hukimbilii taasisi, unakimbia mitihani. Taasisi ina katiba, ina viongozi, ina vitabu vya hesabu na taarifa za kuandikwa kila mwaka. Mfadhili wa kwanza atakuuliza umeshafanya nini, nawe utamwonyesha daftari. Bila shahada na leseni huruhusiwi kumtibu mtoto hata mmoja ukiwa peke yako. Unasema wenye shida hawawezi kusubiri, lakini ukiahirisha mwaka, wewe ndiye unayewaongezea mwaka wa kusubiri.

Mtazame Denis Mukwege wa Kongo. Akiwa mtoto alifuatana na baba yake, mchungaji, kwenda kuombea wagonjwa, na hapo ndipo alipotamani kuwa mtu wa kuwapa dawa. Alimaliza udaktari Burundi mwaka 1983, akikusudia kuwatibu watoto, kama unavyokusudia wewe. Alipoanza kazi katika hospitali ya Lemera akakuta akina mama wanakufa na kuumia kwa uzazi. Hapo akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi kwao kutibu. Hospitali ya Panzi, Bukavu, aliianzisha 1999, yaani miaka 16 baada ya shahada. Nobeli ya Amani ikaja 2018. Unaona ilivyokwenda? Wagonjwa ndio waliomwonyesha anachohitajika kufanya, na aliwakuta kwa sababu alikuwa amemaliza shule. Hata mpango wako utabadilika ukikutana na wagonjwa wenyewe, kwa hiyo usivunje nyumba kwa ajili ya ukurasa ambao utakuja kuufuta mwenyewe.

Na hili nawaambia vijana wengi wa siku hizi, wake kwa waume. Mtu akishatoka kwenye semina ya mafanikio, anarudi nyumbani akimtazama mwenzake kama kizuizi. Mwenzake akihoji, anaitwa mkatishaji tamaa. Akinyamaza, anaitwa mzigo. Ndoa haiwezi kubeba mtu mmoja wa kuota na mwingine wa kulipa, halafu anayelipa akatazwe kuuliza. Wengi huachana na aliyewasindikiza kwenye shida, wakidhani aliyewachelewesha ni yeye, kisha sapu zinabaki palepale. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kwa hiyo, akiba usiiguse wala usiiombe tena. Mwombe mkeo msamaha kwa maneno kamili, bila "lakini". Halafu keti naye mlisome daftari hilo pamoja, naye apewe kalamu. Kila lengo ambalo halina kazi ya muhula huu, lisubiri. Lenye kazi ya muhula huu, andikeni ni kazi gani, na nani anabaki na mtoto wakati unaifanya. Usiku mtoto akilia, mbebe. Daktari wa watoto asiyevumilia kilio cha mtoto hataimaliza wiki ya kwanza wodini.

Kama moyo wa kusaidia unakuwasha kweli, yupo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyeelewa anatomia. Kaa naye Jumamosi umfundishe. Hakuna usajili unaotakiwa, na wewe mwenyewe utajua upesi kama unapenda kusaidia watu au unapenda kuonekana unasaidia.

Sapu zina tarehe. Zifanye, kisha niandikie matokeo, na barua hiyo mkeo aisome kabla hujaituma.